Je, Kutengeneza Uso wa Mtu ni Kusahihisha Kazi ya Mungu?



Binti mmoja wa kwaya yetu amemaliza ITM na cheti chake cha A2, na sasa anataka kuendelea ISTM. Haja yake ni moja: awe muuguzi kando ya madaktari wa upasuaji wa plastiki. Jina hilo halitoki kwa plastiki ya mifuko. Linatoka kwa neno la Kigiriki la kufinyanga, kama mfinyanzi na udongo wake. Na hapo ndipo mzee mmoja wetu alipomkamata: «Mfinyanzi ni Mungu peke yake. Wewe ni nani hata urudie kazi yake?» Binti alinyamaza, na sisi tuliokuwa pale hatukumsaidia. Ndiyo sababu ninaandika.

Kwanza tuulize ni nani wanaolala katika vitanda hivyo. Ni mtoto aliyeangukia mbabula, ao aliyemwagikiwa maji ya bukari. Ni mtu wa kifafa aliyeanguka motoni, na watu wakaogopa kumgusa. (Hata katika kanisa tunaogopa, tuseme kweli.) Kidonda cha moto kikipona vibaya, kovu linajivuta: kidevu kinashikana na kifua, vidole vinajikunja ndani ya kiganja. Mkono ule Mungu hakuuumba hivyo, ni moto uliofanya. Akiufungua daktari, amerudia kazi ya moto.

Lakini mzee atajibu: na mtoto aliyezaliwa na mdomo uliopasuka? Huyo hakuunguzwa na kitu. Swali hili ni gumu zaidi, nami silikimbii. Wanafunzi walimwuliza Yesu juu ya kipofu tangu kuzaliwa, ni nani aliyetenda zambi. Yesu alikataa kuweka kosa juu yake ao juu ya wazazi, kisha akamfungua macho. Hakusema aachwe kwa kuwa alizaliwa hivyo. Kwetu mama wa mtoto kama huyo anafichwa nyumbani na kuulizwa alikula nini, alimkosea nani. Mtoto, kama paa la kinywa limepasuka pia, hawezi kunyonya vizuri, anakonda. Na mdomo unaweza kushonwa tangu miezi kama mitatu.

Tena kumbukeni sikio la Malko, mtumwa wa kuhani mkuu. Kukosa sikio hakungemwua. Na alikuwa upande wa wenye kukamata. Luka anashuhudia kwamba Bwana aliligusa, akalirudisha, usiku ule ule.

Sasa kazi ya muuguzi mwenyewe. Daktari anatoa ngozi nyembamba katika paja, anaipandika juu ya kidonda, anaenda. Ngozi ile haina damu yake bado. Siku za kwanza inakunywa maji ya kidonda tu, na ikisogezwa inakufa. Anayebaki nayo ni muuguzi. Ikiwa ni kipande cha nyama kilichohamishwa pamoja na mishipa yake, anakikagua hata kila saa, usiku kucha: rangi, joto, anabonyeza kwa kidole aone damu inarudi namna gani. Kisha miezi ya kufunga na kunyoosha mkono wa mtoto anayelia.

Mwaka 1917, wakati wa vita ya kwanza ya dunia, hospitali ilifunguliwa Sidcup, Uingereza, kwa askari waliovunjika nyuso, na daktari Harold Gillies aliwatengeneza huko. Inasimuliwa kwamba vioo viliondolewa katika wodi. Basi kioo cha askari kilikuwa uso wa muuguzi: akishtuka, mgonjwa amejiona. Na kwetu Bukavu, hospitali ya Panzi iliyoanzishwa mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege, aliyepata Nobel ya amani mwaka 2018, inashona upya miili ya wanawake waliopasuliwa na ukatili. Sijasikia mzee yeyote akisema kwamba pale wanamsahihisha Mungu.

Kuna upande mwingine, nisiuufiche. Ujuzi ule ule unatumika kupunguza pua ya mtu mzima mwenye afya, kuondoa mafuta ya tumbo, na huko pesa ni nyingi. Ao watu wanaojichubua ngozi miaka na miaka. Wengine wanaketi mstari wa mbele ya hekalu letu. Ngozi ile inakuwa nyembamba, na siku ya kupasuliwa inashonwa kwa shida, inapona kwa shida. Nao pia muuguzi atawafunga vidonda, bila kuwahubiri kitandani. Ninachomwomba binti yetu ni kimoja: asimwambie kamwe mtu mzima wa afya kwamba mwili wake ni mbaya, ili apate mshahara.

Jumapili iliyopita, kisha ibada, mzee yule alinivuta pembeni. Aliuliza karo ya ISTM ni kiasi gani.