Kiasi si Katikati

Swali la kiasi, yaani la kujua ni kiwango gani cha kutenda kinachomfaa mtu, limewashughulisha wanafalsafa na wanadini kwa karne nyingi, na mwili wa mkimbiaji hulijibu kwa uwazi kuliko vitabu vingi. Katika nyanda za Kinanie, Machakos, ambako udongo mweusi hunata kwenye soli za viatu kila mvua inyeshapo, mtu akimbiaye polepole huku akizungumza bila kutweta hupata sehemu kubwa ya nguvu zake kutoka kwenye mafuta ya mwili. Akiongeza kasi mpaka maneno yakatike, misuli hugeukia glikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa ndani yake na katika ini, kwa kuwa hiyo hutumika upesi zaidi.

Wengi wamehitimisha kwamba anayetaka kupunguza mafuta asikimbie kwa kasi kamwe, nao wamekosea. Ikichukuliwa kwamba matembezi ya nusu saa hutumia kilokalori 150, asilimia 60 zikitokana na mafuta, hizo ni 90. Mbio za muda uo huo zikitumia 400, hata asilimia 30 tu hufikia 120. Tena unene hupimwa kwa jumla ya wiki na miezi, chakula kikiwemo.

Kasi nayo haipatikani pasipo kuzoezwa, ila anayeizoeza kila siku huchoka na kuumia, ndiyo maana wakimbiaji mahiri wa masafa marefu humaliza sehemu kubwa ya kilomita zao polepole na kutenga siku chache za ukali. Mwanafalsafa Aristotle aliligusa swali hili la kiasi alipoeleza kwamba chakula kilicho kidogo kwa Milo, bingwa wa mieleka, humzidi anayeanza mazoezi: kiasi hakipatikani kwa kugawa mbili.

Mtume Paulo, katika sura ya 9 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, anataja mbio na kuutiisha mwili, na wapo wanaosoma humo ruhusa ya kuutesa. Lakini anayejitesa kila asubuhi ametawaliwa na pupa, na utiifu mgumu zaidi ni kwenda polepole wakati jirani anapita. Cosmas Ndeti wa Machakos, Mkristo asiyeficha imani yake, aliyeshinda marathoni ya Boston mwaka 1993, 1994 na 1995, katika ushindi wake wa kwanza aliwaacha wengine watangulie, akawapita mwishoni.