Kuhani Aliyeketi Mlangoni



Hana, mke wa Elkana, alipokuwa akiomba huko Shilo, midomo yake ilitikisika wala sauti yake haikusikika. Kuhani Eli alikuwa ameketi kitini mwake penye mwimo wa mlango, akamtazama kinywa. Akamdhania kuwa amelewa, akamkemea. Eli hakuwa mtu mbaya, wala hakukosa sababu. Ilikuwa siku ya karamu, watu wamekula na kunywa, na bila shaka walevi alikwisha kuwaona wengi. Hilo ndilo la kutuogofya. Alikosea kwa kuwa alidhani amekwisha kujua.

Sisi wachungaji, walimu na wazee wa kanisa twaketi katika kiti kile kila Jumapili. Katika usharika mmoja tuliokabidhiwa, huku Kilimanjaro, palikuwa na mtu mzima aliyesinzia ibadani. Hata wimbo wa kwanza haujaisha, kichwa chake kimekwisha kuanguka kifuani. Macho yake yalikuwa mekundu, na miguu yake ina matope. Tukasema mioyoni mwetu, Huyu ametoka penye pombe. Wazee nao wakanena vivyo hivyo, wala hapakuwa na hata mmoja aliyesema amemwona akinywa. Tukamwita, tukamwonya. Yeye akainama tu, akajibu, "Nimesikia, Mchungaji." Kunyamaza kwake tukakuhesabu kuwa ni kuungama, tukamzuia asije kwenye Meza ya Bwana.

Miezi mitatu ikapita. Usiku mmoja wa kuamkia Jumapili tuliitwa kwa mgonjwa, na katika kurudi, yapata saa tisa, njia yetu ilifuata mfereji. Wasomaji walio mbali na mlima wetu na wajue ya kuwa maji ya mifereji hii hugawanywa kwa zamu, na zamu nyingine ni za usiku. Asiyeamka, maji humpita, na migomba yake hukauka. Tukamkuta mtu yule amesimama majini, jembe mkononi, akiyaelekeza maji katika kihamba. Kihamba hakikuwa chake. Kilikuwa cha mjane mmoja mwenye ugonjwa wa miguu, naye alikuwa akimshikia zamu hiyo tangu mumewe alipofariki.

"Mbona hukutuambia, ndugu?"

Akasema, "Mchungaji, mliniita ili mnionye. Hamkuniuliza."

Hana alipata kumjibu Eli. Naye Eli, tumpe haki yake, alisikia, akaligeuza neno lake saa ile ile, akambariki. Sisi tulikawia miezi mitatu.

Tena Samweli, mwana wa Hana huyo huyo, aliyelelewa mikononi mwa Eli, alipokuwa mzee alikwenda Bethlehemu kwa Yese, akamwona Eliabu kwa kimo na sura, akadhani ndiye. Na Sauli, aliyewapita watu wote kwa urefu, alikwisha kuona mwisho wake! Mungu akamkataza. (Wala tusilipindue jambo hili, tukadhani kila mwenye nguo iliyochakaa ni mtakatifu na kila mwenye koti safi ni mnafiki, Daudi naye alikuwa mzuri wa sura, Maandiko hayakuficha.) Wana saba wakapita. Samweli akauliza kama wamekwisha, akaambiwa yuko mdogo, anachunga kondoo. Akaagiza aletwe, akakataa kuketi mpaka huyo aliye malishoni amefika. Baba na ndugu wakubwa wakamngoja mchungaji wa kondoo.

Sisi hatukungoja. Katika miezi ile Meza ya Bwana iliandaliwa, tukala na kunywa, na mtu aliyekesha kwa ajili ya mjane alikuwa nje kwa neno letu.

Basi asubuhi ile tulisimama mbele ya usharika, tukangoja. Tuliyemwaibisha mbele ya wazee wote hatukuweza kumwomba radhi chumbani. Alifika amechelewa, na matope miguuni. Ndipo tukaliungama kosa letu, na wazee pamoja nasi, tukamrudisha Mezani. Mzee aliyemsema kwa ukali kuliko wote akasogea, akampa nafasi kando yake. Mahubiri yalipofika katikati alikuwa amekwisha kulala, wala hapana aliyemwamsha.