Je, Mchezaji Akubali Kuvuliwa Nguo?

Neno tunalotaka kulipima leo hatukulitoa kitabuni. Lililetwa kwetu na binti mmoja wa kikundi cha michezo hapa Koni, anayecheza Veronika siku ya Ijumaa Kuu. Watu wa sinema walimwona Likasi, wakapenda sauti yake, wakampa karatasi za mchezo azisome nyumbani. Mchezo wenyewe si mbaya: ni habari ya mke wa mchimbaji wa madini. Lakini katika ukurasa mmoja imeandikwa kwamba mke huyo anaoga, kisha anamwendea mumewe bila nguo, na kamera inaonyesha yote. Akatuuliza: "Mwalimu, ni dhambi? Si mchezo tu?" Malipo yangetosha ada ya masomo ya wadogo zake wawili, na baba yao hana kazi.

Tusimjibu upesi. Wapo wakristu ambao wakisikia tu neno uchi hufumba macho na kulaani, na hapo mazungumzo yamekwisha. Lakini mwili ni kazi ya Mungu. Bibi zetu wa zamani walilima kifua wazi wala hakuna aliyewacheka, na hata leo mama humnyonyesha mtoto kanisani nasi hatugeuzi uso. Wakati wa Wabelgiji mabinti wa nchi hii walipigwa picha hivyo hivyo walivyokuwa, na picha zikachapwa kwenye kadi za posta, zikauzwa ng'ambo kwa watu wasiojua hata majina yao. Mwili ulikuwa ule ule, ila sasa ulikuwa na mnunuzi.

Hata Roma, katika kanisa la Sistina, Michelangelo alichora Hukumu ya Mwisho, akaimaliza mwaka 1541, na watu wengi katika picha ile walikuwa uchi. Baadaye mchoraji mwingine aliagizwa awafunike kwa vitambaa vya rangi. Picha hizo zilipokwisha kusafishwa, Papa Yohane Paulo II aliadhimisha Misa humo mwezi wa Aprili 1994, akaliita kanisa hilo patakatifu pa fundisho juu ya mwili wa binadamu. Papa huyu, aliyefika hata kwetu Lubumbashi mwezi wa Agosti 1985, alikuwa mwenyewe mchezaji katika ujana wake huko Kraków, siku za vita, wakicheza kwa siri ndani ya nyumba za watu. Basi alijua anachosema alipofundisha, mwaka 1981, kwamba mchoraji na kamera si sawa. Mchoraji huutazama mwili, kisha hufanya kitu kingine kwa rangi au kwa jiwe. Kamera humchukua mtu mwenyewe aliye hai. Nasi twaongeza: sura yake huenda kwa watazamaji asiowajua, wala hawezi kuiita irudi.

Hapo ndipo twaona ugumu wa kusema "ni mchezo tu". Ijumaa Kuu Yuda wetu hupokea vipande thelathini, navyo ni vizibo vya chupa. Damu ni rangi. Askari hupiga nyundo ubaoni, kando ya mkono. Jioni wote hurudi nyumbani kula bukari, na Yuda hakumsaliti mtu. Lakini mchezaji akivuliwa nguo, je, amevuliwa kwa mchezo? La, amevuliwa kweli. Jina si lake, machozi si yake, mume si mumewe. Ngozi ni yake. Katika kituo cha kumi Yezu anavuliwa nguo, na kijana wetu huvuliwa kanzu, akabaki na kitambaa kiunoni. Hatujamwona bado mtu aliyelia kidogo kwa sababu ya kitambaa kile.

Mtu atasema kwamba hiyo ni michezo ya misioni, na dunia ina mambo makali zaidi. Ni kweli. Mwaka 2010 Mkongo mwenzetu Djo Munga alitoa sinema ya Viva Riva!, habari ya petroli ya magendo mjini Kinshasa. Mna uchi ndani yake na mambo ya kitandani waziwazi, nayo mwaka 2011 ilipata tuzo sita katika mashindano ya sinema za Afrika. Hatuwahukumu wachezaji wake. Dhamiri zao hatuzijui. Wala Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 juu ya vyombo vya habari, haukukataza ubaya kuonyeshwa, mradi uonyeshwe kwa namna isiyodhuru roho.

Tunaloliogopa sisi zaidi liko nyuma ya kamera. Wengi wenu mnaijua sura ya Olivia Hussey, hata kama jina hamlijui: ndiye Bikira Maria katika Yesu wa Nazareti ya Franco Zeffirelli, ya mwaka 1977. Kabla ya hapo, kwa mwelekezaji huyo huyo, alicheza Juliet katika Romeo and Juliet, iliyotoka mwaka 1968. Alipopigwa picha bila nguo hakuwa amefika miaka 17. Mwisho wa mwaka 2022 yeye na mwenzake Leonard Whiting waliishtaki kampuni ya Paramount huko Marekani. Walisema waliahidiwa kuvaa nguo za rangi ya ngozi, kisha siku za mwisho wakaambiwa wavue, ama sivyo sinema itaanguka. Hakimu aliitupa kesi mwezi wa Mei 2023, na Hussey mwenyewe hapo zamani aliwahi kuitetea picha ile. Alikufa mwaka 2024. Hatuna haki ya kukata kesi ambayo hakimu ameikata. Lakini miaka zaidi ya hamsini ilikuwa imepita, na jambo lile lilikuwa halijatulia ndani yao.

Basi tulimwambia binti yetu asikubali ukurasa ule, na asiwaachie waseme "tutaona siku ya kazi". Aombe iandikwe katika mkataba, kabla ya kutia sahihi, kwamba hatavuliwa. Mlango waweza kufungwa, kivuli chaweza kupita ukutani, maji yaweza kusikika. Fundi mzuri hakosi njia. Wakikataa, arudi nyumbani.

Akatusikiliza, kisha akauliza: "Na mkiniona katika sinema hiyo, Mwalimu, mtaninyang'anya Veronika?" Tulinyamaza kidogo. Tukasema hapana. Wazee wengine wa parokia hawatapenda jibu hilo, nasi twalirudia hapa walisome.

Halafu akauliza juu ya ada, na hapo tuliona haya sisi. Miaka mitatu tumempigia makofi bila kumpa hata nauli ya Likasi. Na anayekubali kwa sababu wadogo zake wamefukuzwa darasani, ni uhuru gani tunaomdai? Jumapili iliyofuata kikundi kilipitisha kikapu mlangoni baada ya Misa. Mpaka sasa imepatikana ada ya mtoto mmoja. Watu wa sinema hawajajibu.