Kumsajili Nyota Aliyefifia

Kuna swali ambalo huulizwa kila mwaka nchini Marekani, katika majira ambayo timu za mpira wa Kimarekani huunda vikosi vyao vya msimu mpya: mchezaji aliyekuwa nyota, ambaye sasa mkono wake umelegea na timu yake imemwacha, je, yafaa timu nyingine imsajili? Wengi hulichukua kuwa ni swali la hesabu tu, la fedha na mabao. Sisi twaona kuwa ni swali la maadili pia, na kwamba mwalimu wa lugha, hata asiyewahi kuuona mchezo huo, analo la kusema juu yake. Kwani ubishi wenyewe kwa sehemu kubwa ni juu ya jina, na thamani ya jina ikitengwa na mwenye jina.

Yatupasa kwanza kuueleza mchezo. Si kandanda tuijuayo. Wachezaji 11 wa kila upande hugombea mpira mfano wa yai, ambao aghalabu hubebwa au kurushwa kwa mikono, na bao kubwa hupatikana mpira ukifikishwa nyuma ya mstari wa mwisho wa wapinzani. Karibu kila shambulio likianza, mpira hukabidhiwa mtu mmoja aitwaye kwotabeki. (Msomaji asidanganywe na hilo "beki" lililomo ndani ya neno: mtu huyu halindi lango, bali huongoza mashambulizi. Tungependa kumwita nahodha, lakini neno hilo limekwisha kupewa kazi nyingine uwanjani.) Yeye ndiye aamuaye katika sekunde mbili tatu, huku mapande ya watu yakimwendea mbio kumwangusha, kama atamrushia mwenziwe aliye mbali au atampa aliye karibu akimbie nao. Na nafasi hiyo ni ya mtu mmoja. Akicheza huyu, yule hukaa benchi. Kwa hiyo kumsajili kwotabeki mkongwe si sawa na kuongeza jembe shambani. Aghalabu ni kumnyima mwingine jembe.

Tumtazame Johnny Unitas. Alizaliwa Pittsburgh mwaka 1933. Mwaka 1955 timu ya mji wake, Steelers, ilimchagua, kisha ikamwacha kabla hajacheza hata mechi moja ya ligi. Mwaka uliofuata alichukuliwa na Baltimore Colts, na huko jina lake likawaka. Aliiongoza timu hiyo kutwaa ubingwa mwaka 1958 na 1959. Katika mechi 47 mfululizo hakukosa kutoa pasi iliyozaa bao, na rekodi hiyo ilidumu hadi mwaka 2012 ilipovunjwa na Drew Brees. Lakini hapana marefu yasiyo na ncha. Mkono wake uliumia mwaka 1968; na mwaka 1972, timu ilipoanza msimu kwa kushindwa mechi nne katika tano, kocha alifukuzwa na Unitas akawekwa benchi. Januari 1973 akauzwa kwa San Diego Chargers, kwa mkataba wa dola 250,000 kwa mwaka. Mwezi wa Mei mwaka huo alitimiza miaka 40.

Huko San Diego alianza mechi nne tu. Ya nne ilichezwa Pittsburgh, mji wake wa kuzaliwa, dhidi ya timu ile ile iliyomtupa alipokuwa kijana. Timu yake ilipozidiwa mno, aliondolewa, na nafasi yake ikachukuliwa na kijana aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza, Dan Fouts. Mechi ikaisha kwa 38 kwa 21, na Unitas hakuanza tena mechi yoyote ya ligi. Msimu ulipokwisha, hesabu yake ilikuwa pasi tatu zilizozaa mabao na saba zilizodakwa na wapinzani. Timu ilishinda mechi mbili katika 14. Mwaka 1974, kabla ya msimu kuanza, alistaafu.

Je, San Diego walikosea kumsajili? Watetezi wa wakongwe husema kwamba mtu aliyefanya makubwa anastahili nafasi nyingine, kwa kuwa hisani haiozi. Methali hiyo ni ya kweli, lakini wanaielekeza kwenye mlango usio wake. Hisani ya 1958 alitendewa nani? Walitendewa Baltimore. Wao ndio waliokuwa na deni, na jinsi walivyolilipa yatukumbusha asante ya punda. San Diego hawakuwa wameonja tonge hata moja la karamu ile. Deni la shukrani haliuziki pamoja na mchezaji, na timu mpya haiwezi kulilipa hata ikitaka.

Wengine husema achukuliwe kwa huruma. Hapa twakataa kabisa. Mtu wa huruma hupewa sadaka, na mchezaji si ombaomba. Ana ufundi, na ufundi huo ama unafaa kitu ama haufai. Zaidi ya hayo, huruma ya uwanjani hulipwa na wasiohusika, yaani wale wanaokimbia, wanaozuia na kuvunjika mbavu ili kiongozi wao apate nafasi ya kurusha. Hawakuulizwa kama wangependa kuwa wakarimu.

Basi husajiliwa kwa nini? Mara nyingi, twadhani, kwa jina. Wahenga walisema jina jema hung'aa gizani, na ndivyo lilivyo: hung'aa hata pale ambapo mwenyewe hayupo. Hatuwezi kuingia mioyoni mwa viongozi wa San Diego, lakini matendo yao yanaonekana. Kwa mtu wa miaka 40, mwenye mkono uliokwisha kuumia, walitoa mshahara wa nyota na nafasi ya kwanza tangu siku ya kwanza. Aliyelipwa alikuwa Unitas wa 1958. Aliyeingia uwanjani alikuwa Unitas wa 1973, naye akatakiwa kuubeba mzigo wa mwenziwe.

Sasa tumweke kando yake Jim Plunkett. Huyu mwaka 1971 alikuwa mchezaji wa kwanza kuchaguliwa katika ligi nzima, na New England Patriots. Akapigwa, akaumia, akauzwa San Francisco mwaka 1976, na mwaka 1978 akaachwa kama mtu aliyekwisha. Oakland Raiders wakamchukua. Hawakutangaza muujiza. Mwaka 1978 hakucheza kabisa. Mwaka 1979 alirusha pasi 15 tu. Alikuwa ni mtu wa akiba, na alitendewa kama mtu wa akiba: apone, ajifunze, angoje. Mwaka 1980, katika mechi ya tano, kwotabeki wa kwanza Dan Pastorini alivunjika mguu, na Plunkett akaitwa. Siku hiyo pasi zake tano zilidakwa na wapinzani. Tano! Timu ilikuwa na kijana mpya, Marc Wilson, iliyemchagua mwaka huo huo katika raundi ya kwanza, na isingelaumiwa kama ingemgeukia yeye. Kocha Tom Flores, ambaye mwenyewe alikuwa kwotabeki zamani, alimwacha Plunkett aendelee. Januari 1981 Raiders waliifunga Philadelphia 27 kwa 10 katika fainali kuu iitwayo Super Bowl, na Plunkett akatajwa kuwa mchezaji bora wa mechi hiyo.

Msomaji mwenye macho atatukatiza hapa. Atasema: mmoja alikuwa na miaka 40 na mwingine 30, tofauti yao ni umri, si maadili, nanyi mwamsifu huyu kwa sababu alishinda. Pingamizi hili lina nguvu, na nusu yake twaikubali. Lakini hebu tuseme Pastorini asingevunjika mguu, na Plunkett angestaafu kimya kimya bila kurusha tena mpira. Je, Raiders wangekuwa wamemkosea? Hata kidogo. Walimwambia wanahitaji nini, nacho kilikuwa kitu alichoweza kukitoa. Haki ya usajili hupimwa siku ya kutia saini, kwa yanayojulikana siku hiyo. Ushindi huja baadaye, nao hauwezi kuusafisha mkataba mbaya wala kuuchafua mwema.

Kwa hiyo jibu letu ni kwamba timu yaweza kumsajili, na wakati mwingine yapasa, maadamu inamsajili mtu aliyepo. Imwambie waziwazi mkono wake wa leo una kazi gani, na imlipe kwa kazi hiyo. Iwaambie pia wale vijana wanaongoja nyuma yake. Ikishindwa kusema hivyo mbele yake kwa kuogopa kumvunjia heshima, basi haijaitafuta heshima yake. Imelitafuta jina lake la kubandika mlangoni.

Kiswahili kinatusaidia hapa. Nguo huwa kuukuu, na chungu kadhalika. Mtu huwa mkongwe. Tofauti hiyo hatuifundishi madarasani kwa ajili ya sarufi peke yake. Kitu kuukuu hutupwa au huwekwa rafuni kwa ukumbusho. Mkongwe huulizwa bado anaweza nini, na jibu lake husikilizwa, hata likiwa ni hapana.

Na Unitas mwenyewe, je, alikosea kukubali? Wapo waliosikitika kwamba hakuondoka akiwa angali anang'aa, kana kwamba alikuwa na wajibu wa kuwatunzia watu kumbukumbu zao. Hatuoni hivyo. Alikuwa fundi, akaambiwa kazi ipo, akaenda. Mwaka 1979 aliingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo, na sanamu yake imesimama nje ya uwanja wa Baltimore tangu mwaka 2002, mwaka aliofariki. Zile mechi nne za mwanzo wa msimu wa 1973 hazikumpunguzia kitu.