Darsa la Ramadhani, siku ya 13: Mbwa mzee ana haki gani kwako?

 

Darsa la leo litawashangaza baadhi yenu. Baada ya mazungumzo yetu ya zaka, ndugu mmoja aliniandikia faragha. Ana mbwa wa shamba, amekaa naye zaidi ya miaka kumi. Mbwa huyo amelinda mahindi dhidi ya nyani na ngedere, amelinda mbuzi, amebweka usiku watu wamelala. Sasa macho yameingia ukungu, meno yameisha, kuamka ni taabu. Watu wamemshauri amtie kwenye gunia, ampakie pikipiki, akamwache soko la mbali asiweze kurudi. Anauliza: sheikh, nikifanya hivyo nina dhambi?

Najua wapo watakaosema, "Mwezi mtukufu huu, tena mbwa?" Ndiyo, mbwa. Sura ya Al-Kahf tunayoisoma kila Ijumaa inamtaja mbwa wa wale vijana wa pangoni, na kila kauli inapotajwa kuhusu idadi yao, mbwa naye anahesabiwa pamoja nao. Hakusahaulika. Na mwaka wa 8 Hijria, Mtume (s.a.w.) alipotoka Madina kuelekea Makka na jeshi la maelfu, ndani ya Ramadhani, Al-Waqidi anasimulia katika kitabu chake cha vita kwamba njiani alimwona mbwa jike amelala na watoto wake wananyonya. Akamweka sahaba mmoja asimame pale, ili jeshi likipita asisumbuliwe mtu asiyeweza kujisemea. Samahani, nimeandika "mtu". Nimekusudia mnyama, ila maana mmeipata. (Al-Waqidi wanazuoni wa hadithi hawamtegemei katika hukumu, lakini katika sira wanamnukuu, nami nakitaja kisa kwa kiwango hicho.)

Turudi kwenye swali. Hadithi sahihi ipo, na tusiifiche: anayefuga mbwa bila haja hupungukiwa thawabu zake kila siku, qirati moja, na katika riwaya nyingine mbili. Walioruhusiwa ni mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Katika madhehebu yetu ya Shafi, Imam Nawawi ameona kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa mbwa wa kulinda nyumba naye anaingia humo kwa kiasi. Sasa wako wajuaji wanaosema: ruhusa ilikuwa kwa sababu ya kazi, kazi imeisha, basi ruhusa imeisha, mtoe.

Hapana bwana. Kilichochukiwa ni kumweka mbwa kwa pambo na fahari. Kumtunza uliyemtumia mpaka nguvu zikamwishia si pambo. Hiyo ni rai yangu mimi, na mwenye mwalimu wake amuulize. Lakini hili lifuatalo si rai yangu: mnyama aliye mkononi mwako nafaka yake ni wajibu juu yako. Mnakijua kisa cha mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka, alimfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Utasema, "Basi mimi namwachia." Tafakari vizuri. Paka akiachiwa anawinda. Mbwa wa miaka kumi na miwili, haoni, hana meno, kazoea sahani mlangoni kwako, ukimmwaga soko asilolijua, umemwachia au umemuua polepole? Mbwa wenzake watamng'ata, watoto watampiga mawe, gari litamkanyaga. Hao mbwa koko tunaowalaani jalalani, wengi wao si viumbe walioota kama uyoga. Walikuwa na majina na walikuwa na wenyewe.

Na ili ujue uzito wa jambo, fungua mlango wa tayammum katika Minhaj. Mtu ana maji ya udhu tu, hana mengine. Akihitajia maji hayo kwa kiu ya kiumbe ambaye uhai wake una heshima, anatayamamu, maji yanakwenda kwenye kiu. Mafakihi wakifafanua wanamtoa humo mbwa mkali mwenye kushambulia watu. Mbwa wa kazi asiye na madhara anabaki ndani, uhai wake una heshima. Yaani udhu wa swala yako, nguzo ya dini, unampisha mbwa mwenye kiu anywe. Mimi hili nikiwasomesha vijana huwa nasimama kidogo, naacha liwaingie.

Haya, sasa tufanye kazi. Nimekaa na mtaalamu wa mifugo tukazungumza, haya ni ya kutumia.

Mbwa wakubwa wa umbo huanza uzee wakiwa na miaka saba hivi, wadogo huchelewa. Mzee mpe chakula laini na kidogo kidogo, mara mbili au tatu kwa siku badala ya bakuli kubwa mara moja. Ugali laini uliochanganywa na dagaa waliochemshwa bila chumvi, au wali na maini kidogo, unatosha kabisa. Maji yawe karibu na anapolala, kwa sababu mwenye maumivu ya viungo ataona bora kiu kuliko kutembea. Mtandikie gunia au boksi kavu, mahali pasipovuja, kwani sakafu ya saruji usiku inamuumiza. Akiwa haoni, usihamishe bakuli wala kibanda chake, anaishi kwa kukumbuka. Na msemeshe kabla hujamgusa! Mbwa kipofu akishtuliwa hung'ata, kisha watu wanasema kaingiwa na kichaa.

Dawa zako usimpe. Panadol, na zaidi sana ibuprofen, ambazo wewe unameza ukiumwa mgongo, zinaweza kumuua. Kama anachechemea au hali siku nzima, mwite afisa mifugo wa kata. Kupe waangaliwe masikioni na katikati ya vidole. Minyoo ana dawa yake.

Futari nayo ina hatari zake. Mabaki yetu mengi hayamfai mbwa. Sambusa na mchuzi vimejaa vitunguu, na kitunguu kinaharibu damu yake. Zabibu za kwenye pilau au biriani ni sumu kwa figo zake. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka kama sindano na kutoboa utumbo. Kokwa za tende zinaziba. Basi tenga wali mtupu na vipande vya nyama visivyo na mifupa, ndiyo sehemu yake.

Kuhusu mbwa koko, neno moja kwa akina mama na vijana wanaofuturisha misikitini: tusimwage mabaki pembeni ya njia ya tarawehe. Unadhani umetoa sadaka, kumbe umekusanya mbwa kumi wanaogombana mahali watoto wanapita gizani. Ukitaka kulisha, chagua sehemu moja mbali na njia, saa ileile, kiasi kitakachokwisha. Maji ndiyo rahisi zaidi. Kipande cha chungu kilichovunjika, chini ya mti, unabadilisha kila siku mbu wasizaliane. Yule mtu wa hadithi aliteremka kisimani, akajaza khofu yake maji, akaishika kwa meno ili apande, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu. Mwenyezi Mungu akampokelea na kumsamehe. Sisi bomba liko uani.

"Na najisi je, sheikh?" Nilijua litakuja. Kwa Shafi mbwa ni najisi nzito, na chombo alichotia mdomo huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Kwa Malik mbwa aliye hai ni tohara, na kuosha chombo ni ibada. Sisi tunaofuata Shafi tunabaki na utaratibu wetu, lakini tusiuzidishe. Mkono mkavu ukigusa manyoya makavu hakuna kilichohama, hapana cha kuosha mara saba. Weka bakuli lake peke yake na nguo ya kazi peke yake, kanzu ya msikitini ibaki kwenye msumari. Saumu haiguswi kabisa na jambo hili. Najisi ni sababu ya kujitwaharisha. Mtoto wako akijisaidia humtupi, unamuosha.

Sasa nisikilizeni hapa kuliko pengine pote, maana hapa watu wanakufa.

Kichaa cha mbwa. Karibu vifo vyote vya binadamu kwa ugonjwa huu vinatokana na kung'atwa na mbwa, na dalili zikishaonekana kwa mtu, kupona ni nadra mno mno. Lakini kabla ya dalili, unazuilika. Mtoto aking'atwa, au hata akikwaruzwa damu ikatoka: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, angalia saa. Kisha hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo, na dozi zote umalize hata kidonda kikikauka. Usipake pilipili, majivu, wala dawa ya kienyeji. Mkitaka kumsomea Qur'ani, someni mkiwa njiani. Na kwa aliyefunga: sindano ya msuli haifunguzi kwa kauli ya wengi wa wanazuoni wa leo, na hata ingefunguza, ungekwenda vilevile, ukalipa siku yako baadaye. Msingoje magharibi.

Kinga yenyewe inaanzia kwa mbwa. Mbwa achanjwe kila mwaka, na mbwa mzee asirukwe eti "huyu anakufa karibuni." Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba ikichanjwa kama asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa unakosa njia. Hii si habari ya Ulaya. Pemba, kisiwa cha Waislamu wenzetu, kampeni za kuchanja mbwa zilianza 2010 na ugonjwa ukatoweka. Chanjo zikalegea, mwaka 2016 ukaingia tena, wakachanja upya, ukatoweka tena. Ninaitaja Pemba makusudi, kwa wale wanaosema mambo ya mbwa si ya Waislamu. Wapemba walileta mbwa wao wachanjwe.

Na sumu ndiyo iliyobaki. Kila mara mbwa wakizidi mtaani, anatokea mtu na nyama yenye sumu. Anayeila anakufa kwa kutapatapa, na kuku wa jirani na paka wa msikitini wanakufa pia. Tumeamrishwa wema katika kila kitu, mpaka kisu kinolewe ili mnyama asiteseke. Sumu ina wema gani? Mbwa mwenye kichaa, anayeng'ata ovyo, mate yanamtoka, sauti imebadilika, hawezi kumeza, huyo sheria imeruhusu auawe, lakini waite wataalamu, usimsogelee na rungu mwenyewe. Kwa wengine, njia ni chanjo na kuwafunga kizazi. Kuhasi wanyama wanazuoni wamekhitalifiana tangu zamani. Wapo walioruhusu penye maslahi, mtaalamu akifanya bila kutesa, nami nawafuata hao. Jike mmoja akizaa mara mbili kwa mwaka mtaani, watoto wanaokufa mitaroni ni mateso makubwa kuliko operesheni moja.

Na yule mzee ambaye maumivu yamezidi, hali, haamki, anajichafua? Vitabu vya zamani vya madhehebu yetu vilikaza, haviruhusu kumuua mnyama kwa ajili ya kumpumzisha. Katika wanazuoni wa leo wapo waliotoa ruhusa pale mtaalamu anaposema hakuna tena tiba, na iwe kwa sindano isiyomuumiza. Nenda kwa mtaalamu, kisha kwa sheikh unayemwamini, uamue ukiwa na elimu zote mbili. Usiamue kwa hasira ya kufagia kinyesi.

Walimu wenzangu wa madrasa, tuna kazi. Watoto wetu wanatoka chuoni na msahafu mkono mmoja, jiwe mkono wa pili. Tuwafundishe: ukikutana na mbwa usikimbie, simama wima, usimkodolee macho, shusha mikono, ondoka taratibu. Usimguse anayekula wala mwenye watoto. Usimrushie jiwe aliyelala. Dakika tano za darasa, kabla ya dua ya kutokea, zinatosha.

Ndugu aliyeuliza amesema wanaye kijana wa shamba anayekula posho yao, wamemwongezea kidogo amwangalie mbwa mpaka siku zake ziishe. Wenye mashamba ya pamoja wanaweza kufanya hivyohivyo, kila nyumba kibaba cha unga kwa wiki. Kama mmekosa hata hicho, tafuteni jirani atakayemchukua kwa ridhaa yake, mkabidhi mchana, na bakuli lake na gunia lake, mwambieni anaitwa nani na nini hawezi kula.

Mwenye swali aandike faragha, nitajibu baada ya tarawehe. Kesho inshaallah tutaanza hukumu za itikafu, kwa hiyo wanaotaka kukaa kumi la mwisho waje na daftari.

Wabillahi tawfiq.