Mizani na Zikri

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa siri na dhahiri. Na sala na salamu zimfikie Bwana wetu Muhammad, ambaye Makureshi walimwita Al-Amin, yaani Mwaminifu, kabla hajapewa utume, pamoja na jamaa zake na masahaba wake wote.

Amma baada ya hayo. Watu wa Nachingwea na Ruangwa ni watu wa jembe. Nchi yao ilipata kutajwa sana Ulaya tangu mwaka 1947, Waingereza walipoleta matrekta yao kulima karanga. Mradi ule mkubwa ukavunjwa mwaka 1951. Siku hizi mali yao ni korosho na ufuta. Ufuta huuzwa katikati ya mwaka, na korosho tangu mwezi wa Oktoba. Mkulima hupeleka magunia yake katika ghala ya chama cha msingi, yakapimwa, akapewa stakabadhi, kisha mali ikauzwa kwa mnada chini ya chama kikuu cha RUNALI, kinachokusanya wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Sheria ya stakabadhi za ghalani ilitungwa mwaka 2005, ili mnyonge asipunjwe.

Walakini sheria hukaa katika karatasi, na mkono wa mtu hukaa penye mizani. Karani aweza kusoma kilo pungufu, na mzee asiyejua kusoma asitambue. Mkulima naye aweza kutia mchanga katika ufuta, ao kufunika korosho mbovu kwa korosho nzuri mdomoni mwa gunia. Jambo hili si geni. Bwana Mtume alipita sokoni Madina, akakuta chungu ya nafaka imependeza juu. Akaingiza mkono wake mtukufu, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye nafaka akasema kwamba ni mvua iliyoinyeshea. Mtume akamwuliza kwa nini basi hakuuweka juu huo uliolowa, watu wauone. Kisha akamjulisha kwamba adanganyaye hana sehemu kwake. Mtu yule hakusema uwongo kwa ulimi wake, na huenda mvua ilinyesha kweli. Kosa lake lilikuwa katika kupanga nafaka tu.

Lililo zito kuliko yote hayo ni kangomba. Mwezi wa Januari na Februari, mvua inaponyesha na ghala ya nyumbani ni tupu, huja mtu mwenye fedha akamwambia mwenye njaa: chukua hizi, nami nitachukua korosho zako zikiiva. Fedha ni chache, kipimo ni bakuli ao kopo alilolichagua yeye mwenyewe, na zikiiva korosho, kibaba chake hakijai kamwe. Wengine husema kwamba biashara hii ni halali, kwa kuwa pande mbili zimeridhiana. Maneno haya yahitaji kupimwa.

Kutanguliza thamani na kungojea mavuno ni jambo linalojulikana katika fikihi, nalo huitwa salam. Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wakinunua tende hivyo kwa mwaka mmoja ao miwili, wala hakuwakataza. Aliwaamuru tu kwamba kipimo kijulikane, uzani ujulikane, na muda ujulikane. Maulamaa wa madhehebu ya Shafii wakashurutisha pia kwamba thamani yote itolewe palepale wanapoafikiana. Sasa kangomba na ilinganishwe na masharti haya. Kipimo hakijulikani illa kwa mnunuzi. Fedha mara nyingi hutolewa nusu nusu. Na ridhaa ya mtu ambaye wanawe hawakula tangu jana ni ridhaa ya namna gani? Ajibu mwenye insafu.

Mwezi wa Novemba mwaka 2018 serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na walioleta mali wakakaguliwa kama wana mashamba kweli. Aliyeleta magunia bila ya kuwa na mkorosho hata mmoja akatafuta la kusema. Na hilo lilikuwa swali la wanadamu tu. Imepokewa katika hadithi kwamba siku ya Kiyama mja hataondoka mahali pake mpaka aulizwe juu ya mali yake, ameichuma wapi na ameitumia katika nini.

Nguvu ya kushinda tamaa hii hutoka wapi? Watu wa kusini wana dawa yake tangu zamani. Twarika ya Qadiriyya ilipoingia bara kutoka pwani ya Lindi, mwanzoni mwa karne ya ishirini, ilikuja na zikri, na mpaka leo zikri husikika vijijini. Makusudi yake ni kumzoesha mja kwamba Mola yu pamoja naye, hatta ulimi ukinyamaza moyo usisahau. Katika zama za Sayidna Omari, mama mmoja alimwamuru binti yake achanganye maziwa na maji, kwa kuwa Khalifa hayupo kuwaona. Binti akakataa, akasema kwamba Mola wa Omari anawaona. Hakuwa na kitabu mkononi wala mwalimu mbele yake. Alikuwa na yakini tu. Karani aliyekesha katika zikri usiku wa Ijumaa, kisha Jumatatu akabonyeza mizani kwa kidole, sauti yake ilipanda, na moyo wake haukuwamo.

Wala ibada hii haiwahusu maskini peke yao. Mwenye akiba anayeswali safu ya kwanza, na jirani yake amekwenda kwa mtu wa kangomba kwa kukosa unga wa siku kumi, naye ana sehemu katika jambo lile. Kumkopesha mtu bila ya riba wakati wa njaa ni ibada iliyo nyepesi kuliko hija.

Ama aliyekwisha punja, naye ataka kutubu, ajue kwamba haki ya mja haifutwi kwa istighfari peke yake. Yampasa arudishe. Akiwajua wenyewe, awaendee awape, ao waombe radhi wamsamehe. Wakiwa wamekufa, awape warithi wao. Asipowajua kabisa, maulamaa wengi wamesema atoe sadaka kwa ajili yao, kadiri ya ile mali. Na kama hakumbuki kiasi, akadirie mpaka dhana yake iwe na nguvu kwamba dhima imetoka, na penye shaka azidishe.