Nyumba Isiyo na Baraza

Ndugu zetu wengi waliotoka Pwani wakaja Nairobi kutafuta riziki, khasa wale waliopanga katika mitaa ya Eastlands kama Tena, Umoja na Donholm, wana neno moja wanalolitoa kila inapotajwa khabari ya kukaribisha wageni. Husema, "Nyumba yetu ni ndogo." Neno hili ni la kweli. Chumba kimoja, au viwili kwa aliyejaaliwa. Kochi limegusana na meza, pazia limekata katikati, na jiko la gesi liko hatua mbili kutoka mlangoni. Asiyeyajua maisha hayo asiwe mwepesi wa kulaumu. Lakini yatupasa tujiulize: je, ni udogo wa nyumba ndio unaotuzuia, au kuna jingine lililojificha nyuma yake?

Mimi mwandishi nalijua swali hili kwa uchungu wake. Mjomba wangu alikuja kutoka Mombasa kwa matibabu, akakaa siku nne. Nilimtafutia chumba katika nyumba ya wageni mjini, nikalipa kwa fedha za kukopa, nikajiona nimetenda wema mkubwa. Siku ya kuondoka aliniambia kwa upole, "Mwanangu, gharama yote hii ili nisiuone mkeka wako?" Sikuwa na jawabu. Mkeka ulikuwapo, na mahali pa kuutandika palikuwapo. Nilichokiogopa ni arudi Mombasa awasimulie watu jinsi ninavyoishi, nami huko nasifiwa kuwa kijana aliyefanikiwa Nairobi. Udogo wa nyumba niliufanya pazia la kufichia kiburi changu.

Basi tutazame mambo yalivyokuwa kwa aliye bora kuliko sisi sote. Alikuja mtu kwa Mtume (S.A.W.) akiwa na njaa. Mtume akatuma kwa wake zake, na jawabu likarudi kwamba hawana chochote ila maji. Hakuona aibu kwamba watu waliokuwapo wajue hivyo; akauliza ni nani atakayemchukua mgeni huyu. Akasimama mmoja katika Ansari akampeleka kwake, na huko nako hapakuwa na chakula ila cha watoto. Wakawalaza watoto, wakazima taa, mgeni akala, na wenyeji wakajifanya kana kwamba wanakula. Vyumba vyenyewe vya Mtume vilikuwa vidogo hata Bi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba alikuwa amelala mbele ya Mtume anaposali usiku, na anapotaka kusujudu humgusa naye hukunja miguu. Hasan al-Basri amesimulia kwamba alipokuwa kijana aliingia katika nyumba hizo akaigusa dari kwa mkono wake. Vilipokuja kubomolewa katika zama za Al-Walid bin Abdul-Malik ili msikiti upanuliwe, watu wa Madina walilia, na Said bin al-Musayyab akatamani lau vingaliachwa watu wavione.

Hata hivyo si haki kusema kwamba tatizo lote ni kiburi. Liko jambo jingine, nalo halizungumzwi sana. Nyumba za wazee wetu, Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa, zilikuwa na daka na mabaraza ya mawe. Mgeni alikaa hapo, akanywa kahawa, akapata khabari zote za mji, akaenda zake, na wa ndani hawakusumbuliwa. Hata wale waliojenga Pumwani tangu miaka ya 1920 walikuja na sura ya nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, na baraza mbele. Nyumba ndiyo iliyotutunzia adabu zetu, nasi tukadhani adabu hizo ni zetu wenyewe! Mpangaji wa Tena hana baraza. Ana ngazi, ujia mwembamba, na lango linalofungwa usiku. Kazi iliyofanywa na ukuta sasa haina budi kufanywa na mtu.

Na mtu huyo, mara nyingi, ni mke. Bwana hurudi baada ya Isha na rafiki watatu, bila ya kutuma neno. Mama wa watu yuko nyuma ya pazia na mtoto mchanga, hawezi kupita kwenda chooni, joto linamla, na nje vicheko haviishi. Wageni wakitoka humsifu bwana kwa ukarimu. Ukarimu gani huu, ambao mmoja hutoa na mwingine hulipa? Mwenyezi Mungu katika Surat An-Nur ametuamrisha tutake idhini kabla ya kuingia nyumba za watu, na tukiambiwa turudi, turudi. Sisi tukiambiwa "leo hapana nafasi" hununa mwaka mzima. Na katika Surat Al-Ahzab wageni wamefundishwa kwamba wakisha kula watawanyike, kwani Mtume alikuwa akiudhika naye akiona haya kuwaambia. Katika chumba kimoja, aya hizi zina uzito kuliko zilivyokuwa nao barazani.

Ama chakula, sitasema mengi. Tumefundishwa kwamba cha wawili huwatosha watatu. Anayengoja apate biriani ndipo aalike, hatoalika.

Itban bin Malik, aliyekuwa amepungukiwa na macho, alimwomba Mtume aje asali nyumbani kwake ili apafanye mahali pa kusalia. Mtume alipofika hakukaa kwanza. Aliuliza apendelewapo asali, akaonyeshwa pembe moja ya nyumba, akasali rakaa mbili na watu nyuma yake. Kisha wakamzuia ale chakula walichomwandalia. Pembe moja tu, na nyumba ikawa ya ibada na ya wageni kwa siku hiyo hiyo. Hapa Tena pembe hiyo yaweza kuwa nyuma ya mlango, panapotosha msala mmoja. Lakini tukumbuke kwamba upande wa pili wa ukuta yuko jirani, na mara nyingi si Mwislamu. Kumpazia redio ya mawaidha alfajiri si kumwita katika dini. Abdullah bin Amr alipochinjiwa kondoo nyumbani kwake aliuliza mara kwa mara kama jirani yao Myahudi amekwisha pelekewa.

Mjomba ana miadi mingine hospitalini baada ya Idi. Safari hii nilimuuliza mke wangu kabla ya kupiga simu Mombasa. Alinyamaza kidogo, akahesabu, kisha akapanga mwenyewe: yeye na mabinti chumba cha ndani, mimi, mjomba na mvulana wetu chumba cha mbele, na baada ya saa tatu za usiku asije mgeni mwingine yeyote. Kitambaa cha pazia la pili amekwisha kukinunua.